Kliniki ya tezi Dar es Salaam: mshono nyota tano, karatasi ya chakula sifuri

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Iringa mjini, na kazi yangu kubwa kila mwezi wa kwanza ni sare za shule. Nasema mapema ili ujue natazama mambo kwa jicho gani, maana udaktari sijasoma. Ila nimekaa na binti yangu kwenye mabenchi ya hospitali karibu mwaka mzima, na siku tunaruhusiwa wodini nilimwahidi sista mmoja kwamba nitaandika tulivyohudumiwa, pazuri na pabaya. Majina ya hospitali sitaji. Wafanyakazi huhama, jina likabaki ukutani. Nitasema walichofanya, nawe huko uliko uulize kama wanakifanya.

Ilianza kwenye kola. Binti alikuwa anaingia kidato cha pili, ana miaka 14. Nikamzungushia futi shingoni, inchi 13, nikakata, nikashona. Alipojaribu shati nikaona kola inakaa upande, nikadhani nimekosea kukata. Nikaingiza kidole gumba chini ya kola kuinyoosha, na hapo hapo akameza mate. Kitu kikapanda na kushuka chini ya kidole changu, upande wa kushoto, kama gololi iliyosahaulika ndani ya pindo. Hakiumi, hakina joto. Yeye mwenyewe hakuwa anajua kipo.

Mama mkwe alipoonyeshwa alicheka. Akasema hilo ni rovu, yaani tezi ya shingo iliyovimba, na kwao utotoni kila nyumba ilikuwa na mtu mwenye rovu, wengine makubwa kama mfuko wa shingoni mwa ndege anayemeza. Hakusema uongo. Milima yetu hii ya kusini udongo wake una upungufu wa madini joto, na miaka ya 1980 serikali ilikuwa inagawa vidonge vya mafuta vyenye madini joto vijijini, kabla chumvi yenye madini joto haijawa jambo la lazima. Bibi anavikumbuka vidonge hivyo hadi leo. Basi kwa hesabu yake mjukuu anahitaji chumvi nzuri, na mambo yaishe.

Sikulala usiku ule, asubuhi tukaenda kituo cha kupima altrasaundi hapa hapa mjini. Shilingi 25,000, na damu ya TSH, homoni inayoiamrisha tezi kufanya kazi, nyingine 20,000. Nitawatendea haki: chumba kisafi, feni inafanya kazi, kijana aliyepima ana adabu, alimwambia binti kila anachofanya. Alimaliza kwa dakika sita. Karatasi ikasema goita, yaani rovu lilelile, kinundu kimoja upande wa kushoto, sentimita 1.8, TSH ya kawaida, arudi baada ya mwaka mmoja. Nilifurahi mno, njiani nikamnunulia soda na chipsi mayai.

Sasa najua karatasi ile ilikosa nini. Kifaa hakikupita pembeni mwa shingo kabisa, kule kwenye matezi madogo yanayofuata msuli kutoka nyuma ya sikio kushuka hadi kwenye mtulinga. Hakuna neno hata moja lililoeleza kinundu kinafananaje ndani: ni maji au ni nyama, kingo zimenyooka au zimechanika, kina chembe nyeupe au hakina. Halafu ile TSH iliandikwa kana kwamba ni cheti cha usalama. TSH inakuambia kama tezi inatoa homoni ya kutosha, basi. Kinundu chenye saratani mara nyingi huiacha TSH sawasawa kabisa, na mtoto anakimbia, anakula, anasoma kama kawaida. Na hiyo sentimita 1.8, walivyotueleza baadaye, ni kipimo cha kwenye vitabu vya watu wazima. Tezi ya mtoto ni ndogo na inakua naye, huwezi kumwambia mama kinundu ni kidogo ukatulia. Ni sawa na mimi nikate sare ya darasa la pili kwa kipimo cha mwalimu. Nyota moja, na nimeitoa kwa ajili ya feni na ile adabu.

Tungeweza kukaa mwaka mzima hivyo. Kilichotuokoa ni malaria. Mwezi wa sita binti alishikwa na homa, nikampeleka hospitali ya misheni, tukampata daktari wa kike, kijana, nadhani alikuwa bado ana vumbi la chuo kwenye viatu. Alikuwa anampima koo. Akasimama. Akahamia nyuma yake, akaweka vidole vyote vinane shingoni akawa anatembeza taratibu kama mtu anayetafuta sindano iliyodondokea kwenye godoro. Akaniuliza, "Mama, haya matezi ya pembeni yana muda gani?" Nikamwonyesha karatasi ya altrasaundi, nilikuwa natembea nayo kwenye mkoba. Akaisoma, akainama kidogo, akaniambia kitu ambacho ningependa kila mzazi akisikie mara ya kwanza na si miezi sita baadaye: vinundu vya tezi kwa watoto ni vichache kuliko kwa watu wazima, lakini kikipatikana, uwezekano wa kuwa saratani ni mkubwa zaidi. Kwa mtu mzima ni kama 5 hadi 10 katika kila vinundu 100. Kwa mtoto ni kama 22 hadi 26. Yaani karibu mmoja kati ya wanne. Akaandika rufaa ya Dar es Salaam palepale. Huduma ile ilinigharimu elfu tano ya kumwona daktari na dawa ya malaria. Huyo dada nampa nyota zote alizoumba Mungu.

Basi la saa kumi na mbili asubuhi, Kitonga, Mikumi, Morogoro, tukashuka Mbezi jioni, tukalala kwa kaka yangu.

Kliniki yenyewe nianze na ubaya wake ili niupitie haraka. Ni siku moja tu kwa wiki. Unafika saa moja asubuhi, unaonwa saa saba mchana. Benchi hazina egemeo. Faili letu lilipotea mara mbili, na mara zote mbili lilikuwa kwenye meza ileile chini ya faili za watu wengine. Ukienda beba maji, beba chapati, na piga picha kila karatasi kwa simu yako kabla hujaikabidhi dirishani. Watoto wanakaa foleni moja na wazee wa tezi kubwa za miaka mingi, na binti yangu aliwatazama wale akina bibi asubuhi nzima bila kusema neno.

Ila ukishaingia ndani mambo yanabadilika. Aliyepima altrasaundi ni mama wa makamo, hana maneno mengi. Alitumia nusu saa na zaidi. Alianza pembeni! Kulia chini ya taya, akashuka hadi mtulinga, kushoto hivyohivyo, tezi yenyewe akaiacha mwisho. Nilimwomba anionyeshe, akageuza kioo. Kinundu kilikuwa cheusi kuliko nyama iliyokizunguka, na ndani yake kuna chembechembe nyeupe kama mchanga uliomwagika kwenye kitambaa cheusi. Akasema hizo chembe za chokaa ndizo zinazomfanya asikipende. Pembeni kushoto akanionyesha matezi matatu ya mviringo, akaeleza kwamba tezi la kawaida huwa refu kama punje ya maharage na lina mstari mweupe katikati. Haya yamevimba mduara na mstari umepotea. Hakuniambia ni saratani. Hakuniambia si saratani pia. Alisema, "Hapa panahitaji sindano," akaandika kurasa mbili.

Sindano watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Ni nyembamba, nyembamba kuliko ninayotumia kutarizi shanga. Wanaiongoza kwa altrasaundi, wanaona ncha kwenye kioo ikiingia kwenye kinundu, wanatikisa kidogo, wananyonya seli, wanatoa. Walichoma mara tatu kwenye kinundu na mara moja kwenye tezi la pembeni. Daktari alimuuliza binti kama anataka mimi nikae au nitoke. Akasema nikae ila nisimwangalie. Nikaangalia kalenda ya ukutani, nimeikariri mpaka leo.

Majibu yalichukua siku tisa za kazi. Wanayapanga kwa madaraja sita yanayoitwa ya Bethesda, mji wa Marekani walikokubaliana mpango huo. La 1 maana yake seli hazikutosha, rudia. La 2 ni salama. La 6 ni saratani yenyewe. Katikati ni mashaka ya viwango mbalimbali, na daktari alitueleza kwamba kwa mtoto hata la 3 na la 4 hawalichukulii kirahisi kama wanavyoweza kufanya kwa mtu mzima. Sisi tulipata 6. Aina yake papilari, ambayo ndiyo inayowapata watoto wengi wenye saratani ya tezi, kama tisa katika kumi.

Namna walivyotupa jibu hilo ni sehemu ya huduma, kwa hiyo naikadiria. Walitufungia mlango. Simu ya daktari aliigeuza kifudifudi mezani. Alimwambia binti, si mimi, huku anamtazama yeye. Akamwambia una saratani ya tezi, imefika kwenye matezi ya shingo, na kwa watoto ni kawaida kuikuta imeshafika huko. Hata hivyo zaidi ya 95 katika kila watoto 100 wa aina hii wanaishi miaka mingi sana. Sikusikia kitu chochote baada ya neno la kwanza. Binti ndiye aliyeuliza: mtihani wa taifa wa kidato cha pili ni mwezi wa kumi na moja, nitakuwepo? Daktari hakucheka. Alifungua kalenda, akahesabu wiki, akapanga upasuaji mwezi wa nane na dawa ya mionzi mwezi wa kumi na mbili, baada ya mtihani, kwa sababu kabla ya mionzi vidonge vya tezi, vile vya homoni anavyomeza mtu aliyetolewa tezi, husimamishwa na kichwa huwa kizito. Alisema kuchelewa hizo wiki kwa aina hii hakudhuru. Mpango mzima wa matibabu ya mwanangu ulipangwa kuzunguka mtihani wake. Kwa hilo pekee nimesamehe lile benchi.

Kabla ya upasuaji, mpwa wangu anayesoma uuguzi alinitumia ujumbe: muulize mpasuaji anafanya tezi ngapi kwa mwaka. Niliona aibu, mtu mzima na shahada zake umuulize hivyo? Lakini hata mimi wateja wananiuliza nimeshona magauni mangapi ya harusi kabla hawajaniachia kitambaa chao. Nikauliza. Alijibu bila kununa, akasema ni swali sahihi. Miongozo ya Wamarekani ya mwaka 2015 kuhusu watoto inataka mtu anayefanya upasuaji wa namna hii 30 au zaidi kwa mwaka, na yeye anafanya zaidi ya hapo. Akachora kwenye karatasi ya dawa. Nyuma ya tezi kuna vijitezi vinne, kila kimoja kama punje ya dengu, ndivyo vinavyotunza kalsiamu ya mwili. Kuna na neva mbili, kulia na kushoto, nyembamba kama uzi, zinazotikisa nyuzi za sauti. Tezi inatoka yote, dengu na uzi zibaki. Binti anaimba sauti ya kwanza kwaya ya vijana, kwa hiyo siku moja kabla walimpitisha kwa daktari wa masikio, pua na koo, akaingiza kamera puani kutazama nyuzi za sauti zinavyofunguka, ili wajue zilikuwaje kabla.

Upasuaji ulichukua saa nne na nusu. Sitaki kuzieleza.

Nikaribie sasa mahali ninapojua. Mshono. Bandeji ilipotolewa nilivaa miwani ya kazini. Ameukata ndani ya mkunjo wa asili wa shingo, mlalo, na kwa sababu walihitaji kufikia matezi ya kushoto ameurefusha upande huo kufuata mkunjo uleule badala ya kukata wima. Hakuna nukta za nje, uzi umepita chini ya ngozi kama mimi ninavyoficha mshono wa pindo la suti, ncha zimeingizwa ndani. Kingo zimekutana hazijapandana. Pamoja na hayo kona ya kushoto kuna sehemu ndogo kama nusu sentimita iliyovutwa, kitambaa kimeliwa kidogo. Hapo palikuwa na mrija wa kutolea damu, nadhani ndio sababu. Nyota tano. Ningempa sita asingevuta ile kona.

Usiku wa kwanza ndipo mambo yalipoharibika, na lazima niseme. Binti aliamka saa nane usiku akasema midomo inamchezacheza kama amekula pilipili, vidole vinakufa ganzi. Mimi nilikuwa nimeambiwa: hiyo ni kalsiamu imeshuka, vile vijitezi vimeshtuka. Nikaita. Sista akaja haraka, akagusa shavu mbele ya sikio, mdomo ukaruka. Alijua la kufanya, ila damu ilipelekwa maabara na jibu halikuja hadi alfajiri kwa kuwa zamu ya usiku ilikuwa na mtu mmoja. Sista hakusubiri jibu, alimpigia daktari, akaanza kumpa kalsiamu ya mshipani taratibu huku anasikiliza moyo. Sista nyota tano. Maabara ya usiku mbili. Na asubuhi nikatumwa kununua vidonge vya kalsiamu na ile vitamini D ya nguvu, duka la hospitali halina. Nilizunguka maduka ya dawa manne na ndala za wodini. Jamani, mnajua mna upasuaji wa tezi wiki nzima, wekeni kalsiamu!

Baada ya wiki tano kalsiamu ikasimama yenyewe. Sauti ilikuwa imekwaruza kama ya mtu aliyeshangilia mpira, ikarudi kidogokidogo. Jibu la maabara la nyama iliyotolewa likasema matezi matano kati ya 17 yalikuwa na ugonjwa. Picha ya kifua safi. Hilo la kifua tulikuwa tunaliogopa kimyakimya, kwa sababu kwa watoto mapafu ndiyo mahali saratani hii inapopenda kwenda ikitoka shingoni.

Mtihani akafanya.

Sasa karatasi ya chakula, na hapa nina hasira. Ili dawa ya mionzi ifanye kazi, mwili unapaswa kuwa na njaa ya madini joto, kwa kuwa dawa yenyewe ni madini joto yenye mionzi, iodini 131. Seli za tezi zilizobaki, nzuri na mbaya, zinaidaka zikidhani ni chakula. Kwa hiyo wiki mbili kabla unakula chakula kisicho na madini joto. Wakatupa karatasi moja, Kiingereza kitupu, ya kukopiwa mara nyingi hadi herufi zimekuwa ukungu. Inakataza jibini, chokoleti, aiskrimu na vyakula vingine sita ambavyo sijawahi kuviona kwa macho. Haitaji dagaa. Haitaji maandazi, wala ugali, wala mlenda, wala sukuma wiki. Na inasema utumie chumvi isiyo na madini joto, kana kwamba dukani kwa Mangi ipo! Nchi hii miaka 30 inahangaika kuitia chumvi madini joto, mama mkwe wangu ndiye shahidi, halafu mimi nitafute isiyo nayo wapi?

Tukakaa na sista wa kitengo kile, yeye anasema mimi naandika nyuma ya karatasi ileile. Chumvi hapana kabisa, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu ndivyo vitakavyoonja. Samaki na dagaa hapana. Mwani hapana, jirani wa kaka yangu ametoka Zanzibar ana sabuni na juisi za mwani na alikuwa ametuletea kwa moyo mzuri, ukaenda kabatini. Maziwa hapana, kiini cha yai hapana, mkate na maandazi ya kununua hapana maana yana chumvi. Ugali ndiyo. Wali ndiyo. Maharage ya kuchemsha nyumbani ndiyo, mchicha, viazi vitamu, ndizi, nyama kidogo, matunda. Karatasi hiyo nimeichapa duka la steshenari kwa shilingi 1,000, nikawaachia nakala 20. Wakiendelea kugawa ile ya jibini, sifuri yao ipo palepale.

Zile wiki mbili bila vidonge ndizo zilikuwa mbaya kuliko upasuaji, kwa maneno yake mwenyewe. Dar es Salaam mwezi wa kumi na mbili, jasho linatutiririka sote, yeye amejifunika blanketi. Anaongea polepole kama redio ya betri inayokwisha. Wanasubiri TSH ipande juu ya 30, ikapanda hadi 80 na kitu.

Kuna swali wanalazimika kumuuliza kila msichana aliyevunja ungo kabla ya mionzi: kama ana mimba. Na wanapima, hata useme nini. Nilikuwa nimesikia mahali pengine wanalitupa dirishani mbele ya foleni. Hapa sista alimchukua pembeni, bila mimi, akamweleza kwamba hata yeye sista angepimwa, hata mtawa angepimwa, kwa sababu dawa ile ingeharibu tezi ya mtoto aliye tumboni. Binti alitoka anatabasamu. Sikuambiwa zaidi na sikuuliza.

Daktari wa mionzi ni mzee mwenye subira. Binti alikuwa amesoma kwenye simu kuhusu Chernobyl, kule Ukraine kinu cha nyuklia kilikolipuka, akamuuliza waziwazi: si dawa hiihii iliyowapa watoto saratani ya tezi kule? Mimi nikataka kumfinya. Mzee akavuta kiti. Akasema ndiyo, ni hiyohiyo. Kinu kililipuka tarehe 26 Aprili 1986, upepo ukaibeba ikaanguka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wa Belarus na Ukraine wakanywa maziwa, na miaka minne hivi baadaye saratani za tezi zikaanza kuonekana kwa watoto kwa wingi. Tezi za watoto wale zilipata kiasi cha kujeruhi seli na kuziacha hai, zikapotoka. "Wewe tezi yako imeshatoka. Yaliyobaki nataka yafe, kwa hiyo nakupa kiasi cha kuua." Akaongeza kwamba nguvu yake hupungua nusu kila siku nane. Binti akatoa kalamu akahesabu siku 80 zitabakiza kiasi gani. Mzee akamwangalia anavyogawa, akamwambia arudi kuomba kazi akimaliza chuo.

Dawa ni kidonge kimoja. Kinatoka kwenye kopo zito la madini ya risasi, aliyekileta anakisukuma kwa toroli na kusimama mlangoni. Chumba cha pekee, choo chake, dirisha linaangalia ukuta. Unakunywa maji mengi, unaflashi mara mbili, unanyonya ndimu na pipi kali ili mate yatoke na matezi ya mate yasiungue. Simu ilifungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilizungumza naye kupitia simu nikiwa nimekaa nje kwenye ngazi. Maji yalikatika siku ya pili asubuhi, nusu saa, na kwenye chumba kile maji si anasa. Nyota tatu na nusu kwa chumba, tano kwa mzee. Alipotoka hatukurudi kwa kaka maana ana watoto wadogo wawili na hawakuruhusu awakaribie kwa siku kadhaa. Tulipanga chumba kwa mjane mmoja jirani yake. Hilo hakuna aliyetuambia mapema, nililigundua jioni ya kuamkia siku ya kutoka. Mwulize mwanzo.

Skani ya mwili mzima baada ya siku sita ilionyesha doa dogo shingoni tu, mabaki ya tezi. Mapafu giza tupu, na giza hapo ndilo tunalotaka.

Sasa ni vidonge vya levothairoksini, ile homoni ya tezi, kimoja kila alfajiri, maisha yake yote. Tumbo tupu, maji tu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Alipokuwa bado anakunywa kalsiamu tuliziachanisha kwa muda wa saa nne, la sivyo kalsiamu inaing'ang'ania dawa haiingii. Nimempangia kwenye kopo langu la zamani la vifungo, lile lenye vyumba saba. Duka la dawa la hapa kwetu nalipa nyota tatu: wanavyo karibu siku zote, ila mara mbili wamenipa vya mikrogramu 50 badala ya 100 bila kusema, na boksi linafanana. Soma namba. Rangi ya boksi haina maana yoyote.

Kila miezi sita wanapima TSH, ambayo kwa makusudi wanaitaka iwe chini, na thairoglobulini, protini inayotengenezwa na seli za tezi tu. Shingo ikiwa tupu inapaswa kuwa karibu na sifuri. Kipimo hicho ni ghali, sisi tulilipa 90,000, damu inasafirishwa kwenda maabara nyingine na jibu lilichukua wiki tatu. Mara ya kwanza lilikuja dogo sana. Tarehe inayofuata ni mwezi wa saba, tiketi ya basi nimeshaanza kuiwekea akiba kwenye M-Pesa.

Juzi nimempima sare ya kidato cha tatu. Shingo inchi 13 na robo. Nilikuwa nimemkatia kola ya juu kidogo, ya kufunika, akaikunjua mbele ya kioo akaniuliza ya nani hiyo. Nimeifumua, nimeshona ya kawaida. Kifungo cha juu hafungi, mwalimu wa zamu ameshamwandika jina mara moja.